Mzazi Aliyesahau Hasahihishwi

Katika nyumba nyingi za kwetu, mzazi akianza kuuliza swali lilelile mara ishirini kwa asubuhi moja, au akifunga na kufungua kabati kutwa nzima, au akikusanya nguo zake kila jioni akitaka apelekwe nyumbani ilhali yuko nyumbani, hukumu hutolewa haraka na karibu kila mtu huikubali: asiachiwe. Akumbushwe. Akosolewe kwa upole kwanza, kisha kwa ukali, maana akizoea atazidi. Shangazi husema hivyo, majirani wanaokuja kumjulia hali husema hivyo, na hata baadhi ya wahudumu wa afya humwambia binti aliyemleta mama yake kwamba asimkubalie kila analosema. Rai hii ina nia njema. Inatoka kwa watu wanaompenda mzazi na kuogopa kumpoteza, ndiyo maana huona kila kosa linalorekebishwa ni hatua moja ya kumrudisha alivyokuwa. Mimi naipinga yote. Kumsahihisha mzazi mwenye demensia juu ya yale anayoyarudiarudia hakumsaidii kukumbuka, hakupunguzi tabia yenyewe, na humwachia maumivu ambayo hawezi hata kueleza yametoka wapi. Mapenzi ya anayemsahihisha hayabadilishi matokeo hayo.

Nguzo kubwa ya rai hiyo ni usemi kwamba mzee amerudi utotoni. Kwa kuwa mtoto hufunzwa kwa kukanywa, basi na mzee akanywe. Lakini mtoto hukanywa na kukanyika kwa sababu ubongo wake unahifadhi: leo ameungua, kesho anakaa mbali na jiko. Demensia huharibu uwezo huohuo wa kuhifadhi. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote, hushambulia mapema hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, ambayo kazi yake ni kulipokea tukio jipya na kulifanya kumbukumbu. Baba akiuliza leo ni siku gani, ukamjibu, jibu lile halipati pa kukaa. Swali linaporudi, kwako ni la ishirini, kwake ni la kwanza. Ukimwambia kwa hasira kwamba ameshauliza, unamtuhumu kwa jambo ambalo, kwa kadiri akili yake inavyomwonyesha, hakulifanya. Nazo sehemu za mbele za ubongo, zile zinazotuambia kwamba shughuli hii imekwisha tuendelee na nyingine, hulegea pia. Ndiyo maana mkono ulioanza kukunja kanga hauambiwi na chochote kwamba kanga imeshakunjika. Iko hata aina ya demensia inayoanzia huko mbele, ambapo kumbukumbu huweza kubaki nzuri kwa muda mrefu huku mtu akiwa mfungwa wa utaratibu: chakula kile kile kila siku, njia ile ile saa ile ile, chupa tupu zinaokotwa na kupangwa uvunguni. Wenye aina hii ndio wanaogombezwa kuliko wote, kwa hoja kwamba mbona mambo mengine anayakumbuka. Na juu ya hayo yote, ubongo ulioharibika mara nyingi hupoteza pia uwezo wa kujua kwamba umeharibika. Mzee anayekataa kwamba anasahau hafichi aibu yake; hana habari nayo.

Wala tabia hizi si nyongeza iliyokuja baada ya ugonjwa kujulikana. Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Dalili ya kwanza waliyoiona watu wake ilikuwa wivu usio na msingi juu ya mumewe. Baadaye akawa anahamisha vitu huku na huko ndani ya nyumba na kuvificha. Katika mitaa yetu huyo angeitwa mke mgomvi aliyeharibikiwa na uzee kabla ya wakati, na watu wazima wangeitwa kuja kumwonya. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta chembe zilizokufa, mabonge ya utando kati ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani ya zile zilizobaki. Aliyaeleza hayo kwa madaktari wenzake mjini Tübingen mwezi Novemba mwaka huohuo. Yaani mgonjwa wa kwanza kuelezwa katika historia ya ugonjwa huu alikuwa mtu anayeficha vitu na kuwashuku walio karibu naye. Zaidi ya miaka mia imepita, na tabia ileile bado tunaiweka katika fungu la ukaidi.

Mtetezi wa kusahihisha anaweza kukubali yote haya, kisha akasema: sawa, hatakumbuka, lakini kumwambia ukweli kuna ubaya gani? Kama neno halikai, basi na ukali haukai. Hapa ndipo anapokosea kwa namna yenye madhara makubwa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha mwaka 2014 jaribio walilowafanyia watu 17 wenye ugonjwa wa Alzheimer pamoja na watu wengine 17 wazima wa umri kama wao. Waliwaonyesha vipande vya filamu za kuhuzunisha, na wakati mwingine vya kufurahisha, kwa dakika kama ishirini, kisha wakawapima mambo mawili: wanakumbuka nini, na wanajisikiaje. Wagonjwa walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona dakika chache tu zilizopita. Huzuni na furaha zilibaki. Isitoshe, wale waliokumbuka kidogo zaidi ndio walioendelea kuhuzunika kwa muda mrefu zaidi. Mtu mzima akihuzunika huweza kujiambia kwamba ni ile filamu tu. Asiyekumbuka filamu hana la kujiambia. Anabaki na uzito moyoni usio na jina, na huutafutia sababu kwa walio mbele yake.

Ukishalielewa hilo, utaona kwamba hesabu ya mtetezi imegeuzwa juu chini. Sahihisho linapotea, ukali unabaki. Mama aliyeambiwa kwa sauti ya juu kwamba hakuna aliyemwibia hatakumbuka maelezo hayo baada ya dakika tatu, lakini atabaki na hofu, na mtu mwenye hofu hushika zaidi kile kinachomtuliza: ataangalia tena mlango, atauliza tena, ataficha tena, atamfuata binti yake hadi chooni. Familia huona tabia imezidi, hudhani ukali haujatosha, huuongeza. Mzunguko huo huweza kuendelea kwa miaka, na kila anayehusika akiapa kwamba alijitahidi kumsaidia mzee. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hudhani njia niitetayo ni ya huruma isiyo na matokeo, na ile ya kukemea ni ya vitendo. Kwa mizani ya matokeo peke yake, kukemea kunashindwa.

Basi kifanywe nini na swali la mara ya ishirini? Lijibiwe kwa ufupi na kwa sauti ileile ya mara ya kwanza, kisha litafutwe lile lililo chini yake. Tabia inayorudiwa huwa na kisa hata kama mwenyewe hawezi kukitaja. Anayeuliza saa kila dakika mara nyingi anaogopa kuachwa au kuchelewa, na akiambiwa kwamba wewe upo naye mpaka jioni hutulia kuliko akitajiwa saa. Anayevuta nguo yake kila mara huenda anataka haja ndogo. Anayepiga meza huenda hana la kufanya, na hapa mila zetu zinatupa hazina ambayo nyumba za wazee za Ulaya zinainunua kwa fedha: kazi za mikono zinazorudiwarudiwa. Mama aliyechambua mchele miaka hamsini mikono yake bado inajua kuchambua. Mpe ungo na mchele, hata kama umeshachambuliwa. Mwingine atapukuchua mahindi, atamenya karanga, atasuka ukili, atakunja nguo za watoto, na ukizikunjua na kumletea tena hatakuona mbaya. Yule anayesemwa kwamba mikono yake haitulii mara nyingi ni mtu aliyenyang'anywa kazi zote kwa jina la kumpumzisha.

Lakini kabla ya ungo na mchele, yatafutwe maumivu. Nchini Norwei watafiti waliwafuatilia wazee 352 wenye demensia ya wastani hadi kali na tabia za fujo katika nyumba 18 za kutunzia wazee, na mwaka 2011 wakatoa matokeo. Kundi moja lilipewa matibabu ya maumivu kwa utaratibu, wengi wao parasetamoli tu. Kundi jingine liliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya wiki nane, fujo na mahangaiko katika kundi la kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 17. Kati yao walikuwamo watu wasioweza kusema goti linauma au jino limeoza. Waliyasema kwa kelele, kwa kupiga, kwa kutembea bila kukoma. Kwetu, ambako mzee huweza kukaa na mtoto wa jicho au meno mabovu miaka na miaka bila kutibiwa, ni wazazi wangapi wanaoitwa wakorofi ilhali wanaumwa? Tabia ikibadilika ghafla, kwa siku mbili tatu, haifai kusingiziwa demensia wala tabia. Apimwe mkojo na malaria, aulizwe choo alikipata lini, aangaliwe kama anakunywa maji ya kutosha na kama kuna dawa mpya aliyoanza. Maambukizi ya njia ya mkojo peke yake yanatosha kumfanya mzee aliyetulia jana aweweseke leo.

Rai ya kusahihisha huleta balaa zaidi pale mzazi anaposhikilia kwamba ameibiwa au ananyimwa chakula. Ni jambo la kawaida kabisa katika ugonjwa huu: amefunga fedha kwenye pindo la kanga, akaificha ile kanga, akasahau kwamba aliificha, pengo lile ubongo unalijaza kwa maelezo yaliyo karibu, na aliye karibu ni yule anayemtunza. Au amekula saa sita, saa saba hakumbuki, anampigia simu mtoto aliyeko Muscat au Minneapolis na kumwambia kwamba tangu jana hajatiwa kitu kinywani. Mtoto wa mbali husikia sauti ileile aliyoiamini tangu utotoni, ikisema maneno yaliyopangika vizuri. Humwamini. Kisha hugombana na dada yake, dada wa kazi hufukuzwa, na hati ya shamba, iliyofichwa na mzee mwenyewe nyuma ya kabati, huwa chanzo cha kesi baina ya ndugu. Kumbishia mama kwamba hajaibiwa hakujawahi kuzuia hata moja ya hayo. Kinachozuia ni ndugu wote kuelezwa mapema, kwa pamoja, kwamba tuhuma hizi ni dalili. Nakala za hati kutunzwa mahali pengine. Noti ndogondogo kuachwa katika pochi yake ili akitafuta apate. Na anayemtunza kujua maficho yake mawili matatu, maana hurudia yaleyale. Akidai ameibiwa, tafuta pamoja naye. Ukiwa upande wake katika kutafuta, huwezi tena kuwa mwizi. Na wewe uliye mbali, ukipokea simu ya kwamba mama halishwi, mpigie anayemtunza kwa nia ya kumpa pole kabla ya kumhoji.

Kuna wanaozifasiri tabia hizi kwa namna nyingine tena, kwamba ni jini, ni laana, au mzee mwenyewe ni mchawi anayezungumza na wasioonekana usiku. Sitamdharau anayemwombea mzazi wake. Dua haimdhuru mgonjwa. Ila tafsiri ya uchawi inaua. Katika mikoa ya kanda ya ziwa nchini Tanzania na katika kaunti za Kilifi na Kisii nchini Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Oktoba 2021 wanawake wanne wa makamo na wazee waliuawa kwa kuchomwa moto huko Marani, Kisii. Bibi anayezurura usiku, anayeingia ua usio wake na kujibu maswali kwa maneno yasiyoeleweka, anaishi karibu mno na hatari hiyo. Wala hatuwezi kusema kwamba demensia ni ya Wazungu na haituhusu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwahusisha karibu watu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, ukakadiria kwamba asilimia 6.4 kati yao wana demensia. Hiyo ni Tanzania ya vijijini. Kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 57 mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Pingamizi linalosemwa kwa dhati zaidi ni la uongo. Watu wa dini huuliza: mama akisema mumewe aliyefariki miaka kumi iliyopita amechelewa kurudi, nikinyamaza si nimemdanganya? Na mzazi hadanganywi. Naliheshimu swali hili, na sikubaliani na wale wanaosema kwamba kwa mgonjwa wa demensia uongo wowote ni halali. Tom Kitwood, msomi wa Uingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1997 kilibadilisha fikra kuhusu utunzaji wa wagonjwa hawa, aliiweka hadaa katika orodha ya mambo yanayomvunjia mgonjwa utu wake. Kituo cha wazee cha Benrath mjini Düsseldorf kilijulikana kwa kuweka kituo cha basi ambalo haliji kamwe, ili mzee anayetaka kwenda kwao aketi pale, atulie, asahau, kisha arudishwe ndani akanywe kahawa. Inafanya kazi, na ni salama kuliko barabara. Hata hivyo nyumbani sioni haja ya kufika huko, kwa sababu baina ya kusema uongo na kusahihisha kuna nafasi pana. Mama akimngojea mumewe, huhitaji kusema kwamba yuko njiani, wala huhitaji kumwambia kwamba alikwisha kufa. Mwambie: unamkumbuka sana baba. Muulize alikuwa anapenda chakula gani akirudi kazini. Hakuna neno la uongo hapo, na hamu iliyomwinua kitini imejibiwa. Kumtangazia kifo upya kila jioni ni kumfisha mumewe mbele yake kila jioni, naye kila mara huupokea msiba kama wa leo. Sijui sheria ya dini yoyote inayodai hilo. Sura ya Al-Israa inamkataza mtoto kutoa hata neno dogo la kuudhika mbele ya mzazi aliyefikia uzee, na kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya tatu, kinamtaka mtoto amvumilie baba yake hata akili zikimpungukia. Maandiko yote mawili yalikuwa yanamwona mzee huyuhuyu tunayemzungumzia.

Wengine hunijibu kwa hatari: ukimwachia atawasha gesi usiku, atatoka getini apotee, atatuma fedha zote kwa simu kwa mtu asiyemjua. Ni kweli, na simwambii yeyote aziachie. Nasema tu kwamba hatari huzuiwa katika vitu, haizuiwi kwa kubishana na mgonjwa. Mtungi ufungwe kila baada ya kupika na uwekwe asipouona. Mlango uwekwe komeo la juu ambako jicho lake halifiki, au ufunikwe kwa pazia, lakini mtu asifungiwe peke yake ndani ya nyumba. Huo ni utekaji, na moto ukizuka ni kifo. Laini yake ya simu iwekewe kiasi kidogo na akiba ihamishwe kwa makubaliano ya ndugu wote, kwa maandishi. Jirani, muuza duka na vijana wa bodaboda wa kijiweni waambiwe wazi kwamba mzee wetu anasahau, mkimwona mbali mtupigie. Ile fadhaa ya kuficha ugonjwa ndani ya ukuta ndiyo inayopoteza wazee. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia, kwa maana wengi wao huhangaika zaidi jua linapozama. Yote haya yanafanyika bila kumtamkia mzee neno moja la kumkosoa.

Kuhusu dawa za kumtuliza nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ushahidi wake hauna utata mkubwa. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, baada ya kupitia majaribio 17, ilitoa onyo lake kali kabisa: dawa mpya za saikosisi zikitolewa kwa wazee wenye demensia huongeza uwezekano wa kifo kwa mara 1.6 hadi 1.7. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za zamani, ikiwemo haloperidoli ambayo inapatikana kwa urahisi katika hospitali zetu. Nchini Uingereza ripoti ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba wagonjwa wa demensia wapatao 180,000 walikuwa wakipewa dawa hizi, na kwamba vifo 1,800 kwa mwaka vilitokana nazo. Zipo hali ambapo daktari atalazimika kuzitumia: mgonjwa anaona mambo ya kutisha, anajidhuru au anadhuru wengine, na njia nyingine zimeshindwa. Kumuuliza mtu saa mara kwa mara si mojawapo ya hali hizo. Anayeandikiwa dawa ya namna hiyo kwa ajili ya mzazi wake ana haki ya kuuliza itatumika kwa muda gani na lini itapunguzwa.

Limebaki pingamizi ninaloliona zito kuliko yote, na halitoki kwa wanazuoni. Linatoka kwa mwanamke aliyeamshwa mara sita usiku, anayeambiwa mwizi na mama aliyemzaa, na ambaye asubuhi ana biashara ya kufungua au watoto wa kupeleka shule. Yeye atasema: haya yote ni sahihi, lakini mimi ni mtu, uvumilivu wangu una mwisho. Ana haki kabisa. Sitamwambia avumilie zaidi. Ningemwambia kwanza kwamba kubishana kunachosha kuliko kukubali, na kwamba siku atakayoacha kujaribu kushinda mabishano hayo mzigo wake utapungua kwa kiasi anachoweza kukihisi. Ningemwambia kwamba akiona hasira inapanda, kuondoka na kwenda chumba kingine kwa dakika tano si dhambi. Ila jibu la kweli haliko kwake. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa wa demensia hutolewa na wanawake, na kwetu mara nyingi ni mwanamke mmoja tu: binti ambaye hakuolewa, aliyeachika, au yule anayedhaniwa kuwa hana kazi. Kaka zake hutuma fedha, na fedha ni muhimu, lakini fedha haijibu swali la mara ya ishirini saa nane za usiku. Ukali mwingi ninaoupinga katika makala haya ni uchovu wa mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watu wanne.

Serikali nazo zina deni. Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii, na Zanzibar ilianza pensheni kwa kila mwenye miaka 70 mwaka 2016. Ni hatua njema, lakini hakuna kati ya hizo inayomtambua anayemtunza mzee. Na hatuwezi kusema kwamba njia haijulikani. Wilayani Hai kulekule, wazee 34 wenye demensia waliwekwa katika vikundi vidogo vya mazungumzo, michezo na kumbukumbu za zamani, wakiongozwa na wahudumu wa afya wa pale pale, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri, katika wasiwasi na katika tabia. Hapakuwa na mashine wala dawa ya gharama. Palikuwa na viti, wahudumu waliofunzwa, na siku maalumu ambayo mzee anatoka nyumbani na anayemtunza anapumua. Kila wilaya yenye kituo cha afya inaweza kuanza hivyo.

Lakini wilaya itachukua muda, na mama yuko nyumbani leo. Kama una dada anayemtunza mzazi wenu, mpigie simu. Usimuulize mgonjwa anaendeleaje, maana hilo ameshalijibu mara nyingi. Muulize ni siku zipi za juma anataka apumzike, kisha uzichukue wewe.